Jani chungu na siku tatu: kisa cha dawa mseto katika nyumba za Wanging'ombe

Msafiri anayeteremka Makambako katika miezi ya kipupwe hulitafuta koti kabla hajautafuta mzigo wake. Upepo wa nyanda za juu hauna huruma, na mtoto akikohoa au akitetemeka usiku, jambo la kwanza linalosemwa nyumbani ni kwamba amepigwa na baridi. Huku hakuna malaria, husema wenyeji, na hawasemi uongo. Mkoa wa Njombe ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye maambukizi madogo kabisa ya ugonjwa huo, chini ya asilimia moja, wakati kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 8.1 katika utafiti wa mwaka 2022. Mbu wa malaria haipendi baridi ya Njombe mjini wala ya milima ya Kipengere.

Lakini wilaya ya Wanging'ombe ina sura mbili. Upande mmoja imepanda milimani, kwenye viazi na ngano. Upande wa pili imeteremka kuelekea bonde la Usangu, kwenye joto, majaruba ya mpunga na maji yaliyotuama. Kati ya pande hizo mbili watu hawaketi. Wakati wa mavuno ya mpunga hushuka Mbarali kutafuta kibarua na gunia la mchele, na watoto huwafuata wazazi wao shule zinapofungwa. Ni katika safari ya namna hiyo ndipo lilipotokea jambo lililotufanya tuandike makala haya.

Mtoto wa jamaa zetu, kijana wa miaka 11, alirudi kutoka Usangu mwezi wa Juni akiwa mzima na mwenye furaha. Wiki ya pili akashikwa na homa. Bibi yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo, akakumbuka kuwa kabatini kulikuwa na vidonge vya dawa mseto. Vilikuwa vya kaka yake mkubwa, ambaye mwaka uliotangulia aliugua huko huko bondeni, akapewa vidonge 24, akameza 16, akapata nafuu na kuviacha vinane. Bibi akampa mjukuu wake viwili jioni na viwili asubuhi, pamoja na panado. Homa ikashuka. Vinne vilivyobaki akavirudisha kabatini, kwa sababu kwake yeye kumaliza dawa wakati mtu amekwisha kupona ni israfu.

Baada ya siku 10 kijana alianguka usiku kwa degedege.

Tutarudi kwenye usiku huo. Kwanza tuzungumze juu ya kile kidonge cha manjano ambacho bibi alikitunza kama akiba, kwani tumegundua kwamba wengi wetu tunakimeza bila kujua kuwa asili yake ni jani. Baadhi ya pakiti zake zimechapwa picha ya jani la kijani, na watu hudhani ni pambo la kiwanda tu.

Jani hilo ni la aina ya pakanga inayoota China, mmea mchungu wenye majani kama ya karoti na harufu kali. Jamaa zake ni wengi duniani: Waarabu wanayo yao wanayoiita shihi, na katika milima ya Afrika Mashariki ipo nyingine ambayo wazee huitumia kwa kifua na tumbo. Ile ya China ndiyo iliyo na kemikali iitwayo atemisinini, na habari ya kupatikana kwake inakutana na historia ya Makambako kwa namna ambayo sisi wenyewe hatukuitarajia.

Mwaka 1967 serikali ya China ilifanya maamuzi mawili yaliyotugusa. Mwezi Mei, tarehe 23, ilianzisha kwa siri mpango wa kutafuta dawa mpya ya malaria, kwa kuwa askari wa Vietnam ya Kaskazini walikuwa wakifa kwa ugonjwa huo msituni na dawa za zamani zilikuwa zimeanza kushindwa. Mpango ukapewa jina la tarehe yake, 523. Mwezi Septemba mwaka huo huo, huko Beijing, ilitia saini pamoja na Tanzania na Zambia makubaliano ya kujenga reli ambayo leo tunaiita TAZARA. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970. Wazee wa Makambako wanawakumbuka vizuri Wachina wale na kofia zao, hasa katika kipande kigumu kuliko vyote cha reli hiyo, kile kinachopanda kutoka Mlimba hadi Makambako kwa madaraja na mahandaki.

Wakati mafundi wale wakitoboa miamba ya kwetu, kule Beijing mwanamke mmoja aitwaye Tu Youyou alikuwa akisoma vitabu vya tiba vya kale. Aliteuliwa mwaka 1969 kuongoza kikundi cha watafiti. Hakuwa na shahada ya udaktari wa falsafa wala hakuwa amesoma ng'ambo. Yeye na wenzake walikusanya maelekezo ya tiba zaidi ya 2,000 na kujaribu dondoo za mimea kwa mamia kwenye panya wenye malaria. Pakanga ilionyesha dalili njema mara moja, kisha ikashindwa, kisha ikaonyesha tena. Fumbo hilo lilimrudisha kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya nne, aliyeagiza majani yaloweshwe majini, yakamuliwe, na maji yake yanywewe. Tu aliona jambo ambalo wengine walilipita: hapakutajwa moto. Huenda kuchemsha ndiko kulikoiharibu dawa. Akabadili njia, akatumia kimiminika cha etha kinachochemka kwenye joto dogo, na mwezi Oktoba 1971 sampuli yake ya 191 iliwaua vimelea wote katika panya. Kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake wawili waliinywa wenyewe ili kuhakikisha haina madhara. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobeli ya tiba, akigawana na wanasayansi wengine wawili.

Tunawaomba wasomaji wetu, hususan wazazi wenye mabinti, wakisimulie kisa hicho nyumbani.

Hii haikuwa mara ya kwanza kwa mmea kutuokoa. Kabla ya pakanga palikuwa na gamba la mti wa sinkona kutoka milima ya Amerika ya Kusini, ambalo Wafaransa wawili walitoa ndani yake kwinini mwaka 1820. Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, mti huo ulikuwa miongoni mwa ile waliyoipanda. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia ya bahari, walitengeneza kwinini yao humo humo nchini, na askari wa Lettow-Vorbeck walipoishiwa vidonge walikunywa maji ya magamba yaliyochemshwa, machungu kiasi kwamba waliyapa jina la pombe kwa mzaha. Hadi leo yapo mashamba ya sinkona Kivu, mashariki mwa Kongo.

Baadaye ikaja klorokwini ya viwandani. Nani miongoni mwa watu wazima wa leo asiyeikumbuka klorokwini, kwa uchungu wake na kwa ule muwasho wa mwili uliomkesha mtu akijikuna hadi alfajiri? Ilikuwa rahisi, ilipatikana kila duka, na ilitumiwa ovyo. Mtu alimeza viwili leo, kimoja kesho, akaacha. Vimelea wakazoea. Mwaka 2001 serikali iliiondoa katika nafasi ya dawa ya kwanza na kuweka SP, ambayo nayo haikudumu. Kufikia mwisho wa mwaka 2006 ilitangazwa dawa mseto ya atemetha na lumefantrini, na SP ikabaki kwa ajili ya kinga ya wajawazito kliniki. Zanzibar walikuwa wametangulia na mseto wa aina yao tangu mwaka 2003. Katika wilaya ya Kaskazini A, Unguja, ambako watafiti walifuatilia, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa nusu kati ya mwaka 2002 na 2005.

Sasa tuingie ndani ya kidonge chenyewe, maana hapo ndipo lilipo kosa la bibi, ambaye hatumlaumu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumweleza.

Kimelea cha malaria hujificha ndani ya chembe nyekundu za damu na kula rangi ya damu, ambayo ndani yake mna madini ya chuma. Dawa itokanayo na pakanga inapokutana na chuma hicho hulipuka, kwa maana ya kikemia, na kumvuruga kimelea kutoka ndani. Kazi yake ni ya kasi kubwa. Ndiyo maana homa hushuka ndani ya siku moja au mbili. Lakini nguvu hiyo hutoka mwilini haraka pia, baada ya saa chache tu. Vimelea wengi hufa, si wote, na kila baada ya saa 48 kizazi kipya hupasua chembe za damu na kuvamia nyingine. Siku tatu za dawa zimepangwa ili kuvipata vizazi viwili. Wachache wanaobaki huachiwa lumefantrini, mwenzake wa pole pole, anayekaa mwilini kwa siku kadhaa akimalizia kazi. Ndiyo maana ya neno mseto.

Kwa hiyo mgonjwa aliyepata nafuu siku ya pili hajapona. Amepumzishwa tu. Akiacha hapo, waliobaki ni wale waliostahimili zaidi, nao ndio watakaozaliana.

Kijana wetu alipewa vidonge vinne. Kwa uzito wake wa kilo 30 alistahili 18: vitatu mara moja, vitatu baada ya saa 8, kisha vitatu asubuhi na jioni hadi siku ya tatu itimie. Tena alimeza akiwa na tumbo tupu, hali lumefantrini huhitaji mafuta ya chakula ili iingie mwilini ipasavyo. Kikombe cha maziwa, uji wa karanga au mboga iliyoungwa kwa karanga vinatosha. Tumewauliza akina mama kadhaa wa Igwachanya na Ilembula kama waliwahi kusikia habari hiyo ya mafuta. Wengi walisikia habari ya kula kwanza, lakini kula nini hawakuambiwa. Jambo dogo namna hiyo linaweza kuwa tofauti kati ya dawa iliyofanya kazi na dawa iliyopita bure.

Liko pia suala la bustani. Mwaka 2020, wakati wa korona, Madagaska ilitangaza kinywaji chake cha pakanga hii, na waziri wetu wa mambo ya nje akapanda ndege kwenda kukichukua. Tangu hapo jina la atemisia limekuwa maarufu, na wako watu wanaoipanda uani na kuichemsha kama chai kila wanapohisi homa. Ardhi ya nyanda za juu inaikubali. Hoja yao inavutia: ikiwa kidonge kimetoka kwenye jani, kwa nini tununue kidonge?

Jibu limo katika kisa cha Tu Youyou mwenyewe. Dawa hii haiyeyuki vizuri majini, haipendi moto mkali, na kiasi chake hutofautiana kati ya shamba na shamba, hata kati ya jani na jani. Mnywaji hupata kidogo, na hajui ni kidogo kiasi gani. Wagonjwa waliopewa chai hiyo katika jaribio lililofanywa Kongo walipata nafuu wengi wao ndani ya wiki moja, lakini kufikia wiki ya nne ugonjwa ulikuwa umewarudia walio wengi. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi ya majani hayo kutibu malaria, kwa sababu hiyo na kwa hofu ya kuwafundisha vimelea usugu. Hatusemi haya kwa kudharau mitishamba. Sisi ni watu wa habasoda na asali, na muarobaini umesimama katika nyua zetu nyingi. Tunasema tu kwamba jani na kipimo chake ni vitu viwili, na aliyelitambua jani hakupewa Nobeli kwa kulitambua jani peke yake.

Hofu ya usugu si ya kubuni. Ulianza kuonekana magharibi mwa Kambodia katika miaka ya 2000 na kitu. Kisha ukagunduliwa Rwanda, ukagunduliwa Uganda, na sasa vimelea wenye mabadiliko ya vinasaba yanayochelewesha kazi ya dawa hii wamepatikana hapa hapa Tanzania, wilayani Karagwe, mkoani Kagera. Dozi iliyokamilika bado inaponya. Lakini klorokwini nayo ilikuwa bado inaponya, mpaka siku ilipoacha.

Turudi kwenye usiku ule.

Kijana alipokakamaa na macho kupinduka, nyumba ilijaa watu. Mjomba wake mmoja alisema mtoto amepitiwa na shetani alipokuwa akioga mtoni kule bondeni, na kwamba akipigwa sindano katika hali ile atakufa. Imani hiyo ni kongwe, nasi tumeisikia kutoka pwani hadi Kigoma. Imewazika watoto wengi kuliko tunavyopenda kukiri. Akaitwa maalim wa madrasa. Alikuja, akaketi kitandani, akamsomea kwa utulivu, na wote waliokuwamo wakatulia pamoja naye. Alipomaliza, mjomba akauliza mafuta ya kupaka. Maalim akauliza pikipiki iko wapi.

Alituambia baadaye, alipoona tunaandika, kwamba hakuona mgongano wowote. Mtume (s.a.w.) aliagiza wagonjwa watafutiwe tiba na akafundisha kuwa kila maradhi yameteremshiwa dawa yake. Aliyesoma dua na kukaa, alisema, ameacha nusu ya mafundisho.

Wakampakia kati ya dereva na mjomba, wakamfunga kwa kanga. Hospitalini kipimo kilionyesha malaria kali. Zamani mtoto kama yule angetundikiwa dripu ya kwinini kwa saa nyingi. Sasa hupigwa sindano ya atesuneti, nayo ni mtoto wa jani lile lile. Mabadiliko hayo yanatokana kwa sehemu na damu ya watoto wetu: katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2010, watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, wakiwamo wa Muheza na Korogwe, walitibiwa kwa dawa mbili hizo. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa atesuneti, asilimia 8.5. Tofauti hiyo machoni ni ndogo. Kwa watoto 1,000 ni roho 24.

Kijana alichomwa sindano alipofika, nyingine baada ya saa 12, nyingine baada ya saa 24. Asubuhi ya siku ya pili aliomba uji. Alipoweza kumeza, akaanzishiwa mseto kamili, vidonge 18.

Mganga alimuuliza bibi swali moja ambalo lingeulizwa siku ya kwanza yote haya yasingekuwapo: mtoto alilala wapi wiki zilizopita? Katika mkoa kama huu, homa ya mtu aliyetoka Usangu, Kilombero au Dar es Salaam si homa ya baridi mpaka kipimo kiseme. Tena mtoto aliyekulia kwenye baridi hana kinga ambayo mwenzake wa bondeni ameijenga kwa kuugua mara kwa mara, na ugonjwa humwendea kasi zaidi. Kipimo cha haraka ni tone la damu na dakika 15 hadi 20, na katika vituo vya umma kipimo hicho na dawa mseto hutolewa bila malipo. Homa isiyo malaria nayo inataka kujulikana ni nini, kwani nimonia haiponi kwa mseto.

Wasomaji wametuuliza huko nyuma kuhusu Ramadhani, na tunajibu hapa kwa kuwa linahusu. Saa 8 baina ya dozi ya kwanza na ya pili haziwezi kusogezwa zingoje futari, wala kidonge hakimezwi kikavu wakati wa daku kwa haraka. Mwenye malaria ni mgonjwa, na mgonjwa amepewa ruhusa na Qur'ani ya kula na kulipa siku nyingine. Tumewaona akina baba wanaojikaza kufunga huku meno yakigongana. Waulizeni masheikh wenu. Sisi hatujamsikia hata mmoja aliyewasifu.

Tulipopita tena kwa jamaa zetu mwezi wa Agosti, kijana alikuwa akichunga mbuzi na kuimba. Kaka yake, mwenye vile vidonge vinane, alikuwa kimya muda mwingi tulipokuwapo. Bibi alituonyesha kabati. Vidonge vinne vilivyosalia alivipeleka zahanati mwenyewe, kwa miguu. Katika nafasi yake ameweka chandarua kilichokunjwa vizuri, kipya, ambacho huku juu hakitumiki sana kwa kuwa mbu ni wachache. Ni cha kushukia Usangu mwakani, alisema, maana mpunga utavunwa tu na watoto watataka kwenda.